Nafasi Aliyoiomba Bi Brashi

Bi Brashi: binti wa mpiga lipu aliyezipiga lipu ghorofa zote nne za bweni la kwanza la wasichana pale chuo kikuu, mjukuu wa mwanamke aliyebeba zege kichwani akiwa na mimba ya miezi saba, asidondoshe karai wala mtoto, mhudumu wa mabweni ya chuo hichohicho kwa miaka thelathini na moja, aliyevunja mlango wa bafu kwa bega lake akamtoa msichana aliyeangushwa na kifafa, aliyemwambia mkuu wa chuo, mbele ya wageni wake, aokote kizibo cha soda alichokidondosha, na mkuu wa chuo akainama akaokota. Huyo ndiye ninayemwandika. Wenye majengo walishamwandika kwenye karatasi zao, na walimwandika kinyume.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Asubuhi za mitihani alikuwa akipita anagonga milango yote kwa mpini wa brashi, na asiyefungua aligongewa mpaka afungue. Wengine walimchukia kwa hilo. Walipopata vyeti vyao walirudi kumsalimia.

Bweni lile la zamani halikuwa zuri. Nalisema mapema, asije mtu akaniambia wazee tunapenda vya kale. Madirisha yaligoma kufunga, mvua ikinyesha inakufuata mpaka kitandani, na bafu zilikuwa mbili kwa wasichana arobaini. Lakini katika kila ghorofa, ukimaliza kupanda ngazi, mbele yako palikuwa na mahali pa wazi pasipo mlango. Hapo palikuwa na masinki sita ya kufulia, matatu yanatazama matatu, na pembeni benchi ya saruji na meza ya kupigia pasi.

Hakuna aliyekaa chini akafikiri masinki yatazamane. Baba yake Bi Brashi alikuwepo yakijengwa, na alimsimulia. Ramani ilitaka yote sita yapangwe mstari mmoja ukutani, kila mfuaji ampe mwenzake ubavu. Mabomba yaliyoletwa hayakutosha. Fundi bomba akatukana, akapitisha bomba moja katikati ya sakafu, akapachika matatu huku na matatu kule, akaenda zake kula. Basi kwa sababu ya upungufu wa bomba, wasichana wa chuo kile wakafua wakitazamana machoni kwa miaka arobaini na zaidi.

Na mtu ukimtazama machoni kwa muda wa kufua shuka mbili, utanyamaza mpaka lini? Hapo waliazimana sabuni na vitabu. Hapo walisutana, wakanuniana, wakapatanishwa na wa sinki la tatu aliyechoka kuwasikia. Msichana wa udaktari alikuwa akisoma mifupa kwa sauti huku anasuuza, na wa uhasibu upande wa pili akaijua mifupa yote bila kutaka. Bi Brashi alikuwa akipita na ndoo yake, na hakuwahesabu kwa majina. Aliwahesabu kwa nguo. Shuka ile ya maua ya njano sijaiona wiki hii. Sketi ya kijani mwenyewe yuko wapi? Atapanda, atagonga. Mmoja atakuwa na homa, mwingine kafiwa hajamwambia mtu, mwingine yuko kwa mchumba na amesahau kuaga. Huyo wa mwisho alisemwa mpaka akome.

Halafu wakajenga jengo jipya upande wa pili wa uwanja, wakamhamishia huko.

Siku ya kulifungua walisema maneno mengi, na neno lililorudiwa sana lilikuwa faragha. Kila chumba na choo chake, sinki lake, jiko lake la umeme, na mlango wenye mkono wa chuma unaojivuta wenyewe ukajifunga. Ukumbi wa ghorofani mrefu, giza mchana, milango huku na huku kama makabati. Chini walitenga chumba kikubwa cha vioo wakakiita Ukumbi wa Jumuiya. Kilikuwa na makochi ambayo hayakuvuliwa nailoni zake. Ufunguo ulikaa ofisi ya majengo, na mwanafunzi aliyetaka kuingia aliandika barua siku tatu kabla. Barua! Uombe kwa barua kukaa na mwenzako! Mimi katika kuishi kwangu kote nimeona ujinga wa kila aina, lakini huo ulikuwa umevaa suti.

Bi Brashi alikatazwa kuingia vyumbani. Kazi yake ikawa kufagia ukumbi na kuchukua mifuko ya taka inayowekwa nje ya milango. Nguo hakuziona tena, kwani kila mtu alifua chumbani kwake na kuanika dirishani kwake. Akawa anafagia mbele ya watu asiowajua.

Katika mwaka wa pili wa jengo lile, Jumatatu moja, aliona mlango wa mwisho hauna mfuko wa taka. Ijumaa pia haukuwa nao. Aligonga. Aligonga tena. Akamgongea jirani, msichana aliyetoka na mswaki mdomoni.

"Mwenzako yuko?"

"Nadhani amesafiri, mama."

"Anaitwa nani?"

"Sijui jina lake. Mimi naujua mlango wake tu."

Bi Brashi aliita mlinzi, mlango ukafunguliwa kwa ufunguo wa akiba. Mtoto wa watu alikuwa sakafuni kati ya kitanda na choo, midomo imepasuka, homa ya siku nne, hana nguvu ya kuinua mkono. Ukuta uliomtenga na jirani yake ulikuwa wa upana wa tofali moja. Siku nne! Alipona, namshukuru Mungu, lakini wazazi wake walikuja wakamchukua, na hakurudi kusoma. Mama yake alimuuliza Bi Brashi swali moja tu getini: "Humu ndani hamna watu?" Tangu siku ile Bi Brashi hakuwa na usingizi mzuri wala mdomo mzuri.

Ndipo likaja suala la jengo jipya la pili. Bweni la zamani lilikuwa limebaki na wasichana wachache wa mwaka wa mwisho, nalo lilikuwa livunjwe, pajengwe jipya la ghorofa nne. Chuo kikaitisha kikao cha wadau, na safari hii mtu mmoja mwenye akili akasema hata wahudumu waitwe. Bi Brashi alivaa nguo yake ya kwendea harusini. Alikaa tangu asubuhi, akasikiliza wenye miwani wakizungumza, na mchana, watu wakiwa wameshaanza kutazama saa, akapewa dakika moja.

Alisimama akasema: "Mimi neno langu ni moja. Watoto hawa wanataka nafasi. Jengo lile halina nafasi. Hili la pili litieni nafasi, kila ghorofa."

Walimpigia makofi. Alirudi nyumbani anaimba.

Wiki sita baadaye mkwe wake, mke wa mwanawe fundi baiskeli, alirudi na karatasi za kikao kile. Wakati huo mkwe alikuwa mfanya usafi wa zahanati ya chuo, na karatasi zilibandikwa pale mlangoni. Akaomba nakala, akijua mama atafurahi kujiona kwenye maandishi. Bi Brashi alikuwa anapiga pasi gauni lake la kazi juu ya meza ya chumba cha mbele.

"Mama, wamekuandika. Si kwa jina, wamesema mhudumu mwenye uzoefu."

"Soma."

"'Mhudumu mwenye uzoefu wa miaka thelathini na moja alisisitiza uhitaji wa nafasi katika kila ghorofa. Maoni yake yamezingatiwa. Eneo la wazi lililokuwa mbele ya ngazi limeondolewa katika ramani, na nafasi nne zimeongezwa kila ghorofa.'"

"Rudia hapo mwisho."

Mkwe akarudia.

"Nafasi nne za nini?"

"Za vitanda, mama. Vyumba viwili, vitanda viwiliviwili."

Pasi ilikuwa imesimama mgongoni mwa gauni, na harufu ikaanza.

"Mama, pasi!"

"Iache iungue!"

Hapo nataka msomaji anielewe, kwa sababu hasira ya mwanamke yule watu walisema ni uzee. Nyumbani kwetu sote, ukisema nafasi, unasema mahali pa kupumua, mahali pa watu kupishana na kusimama. Lakini katika ofisi za chuo nafasi ni kitanda. Umepata nafasi? Nafasi zimejaa. Nafasi mia mbili arobaini. Alikuwa amefanya kazi kati ya watu hao miaka yote hiyo, na siku aliyopewa kusema, akachagua neno ambalo wao wanalisikia kama godoro. Tena ramani ya kwanza ilikuwa na eneo la wazi! Dogo, limechorwa kwa bahati, lakini lilikuwepo. Wakalifuta kwa heshima yake. Wakamshukuru kwa maandishi.

Kesho yake aliingia ofisi ya majengo amevaa gauni lile lile lenye alama ya pasi mgongoni. Msimamizi wa majengo, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye tai nyembamba na meza iliyojaa ramani zilizoviringishwa, aliinuka kidogo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Karani aliyekuwa pembeni akaacha kupiga chapa.

"Nani kakwambia mimi nilitaka vitanda?"

"Mama, si wewe mwenyewe? Ulisema nafasi. Tulisikia wote, tukapiga makofi."

"Nilisema nafasi!"

"Ndiyo. Nafasi. Tumekupa."

"Nafasi ya kukaa!"

"Sasa si ndiyo hiyo? Mwanafunzi akipata nafasi, anakaa."

"Wewe ukitoka hapa ukienda kwako, unakaa kitandani mpaka kesho? Mkeo akitaka kukwambia neno anakuandikia barua siku tatu kabla?"

Karani alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mama, tusivunjiane heshima."

"Heshima? Nimeisugua ofisi hii kabla yako, na kabla ya wawili waliokutangulia. Mmoja alikuwa mlevi, mmoja alikuwa mzembe. Hakuna aliyenitia maneno mdomoni. Ninyi mmechukua neno langu mkalijengea ukuta!"

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, nasikia, ingawa mimi sijaona faida ya kutokuwa mbaya ukiwa kiziwi. Alimwonyesha ramani iliyofunguliwa mezani. "Inapigwa muhuri Jumatatu. Ukitaka ibadilike, mwenye kalamu ni mchora ramani, siyo mimi." Alisema hivyo ili amtoe ofisini. Lakini pembeni ya ramani palikuwa na namba ya simu ya mchoraji, na Bi Brashi aliisoma tarakimu moja moja, kwa sauti, huku karani akimwandikia kwenye kipande cha karatasi. Ilikuwa Ijumaa.

Alimpigia akiwa kwenye ngazi za ofisi ileile.

"Wewe ndiwe uliyechora jengo la wasichana?"

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye mhudumu mwenye uzoefu. Kesho saa tatu asubuhi uje bweni la zamani, ghorofa ya pili. Uje na futi ya kupimia."

Mchora ramani alikuja. Sijui kama ni adabu au ni woga. Alikuwa kijana mtanashati, viatu vyeupe, tarakilishi kwapani. Alikuta wasichana watano kwenye masinki, sinki la sita li wazi, na juu yake rundo la matambara ya kupigia deki.

"Vua koti," Bi Brashi akamwambia. "Fua."

"Mama, mimi nimekuja kupima."

"Utapima ukishafua. Ukipima kabla utapima ukuta."

Akakunja mikono ya shati. Aliyekuwa akitazamana naye alikuwa msichana mnene wa ualimu, mwenye mdomo. Alimtazama dakika nzima.

"Kaka, hilo tambara unalifua au unalibembeleza?"

"Huyu hajaoa," akasema wa pembeni.

"Kaoa! Ndiyo maana hajui kufua."

Kijana akacheka, maji yakamrukia shati. Wakamfundisha kushika sabuni. Wakamuuliza anafanya kazi gani, akasema nachora majengo, wakamwambia basi ndiyo maana mikono yake haijui kitu. Kisha wakamsahau, kama inavyotakiwa, wakaendelea na yao. Alisikia mmoja akisema baba yake kaanguka kazini na yeye anafikiria kuacha masomo. Alisikia wengine wanne, bila kuacha kufua, wakimpangia: nani atamwandikia maelezo ya darasani, nani atakwenda naye kwa mshauri wa wanafunzi, nani anajua fomu ya kuahirisha. Hakuna aliyekumbatia mtu wala kulia. Walikamua nguo. Yote yalikwisha kabla tambara la tatu halijatakata.

Mchora ramani alifunga bomba. Alisimama mikono inachuruzika.

"Mama, mimi kule kwenye lile jengo jipya la kwanza niliweka viti vizuri sana. Nilidhani watu watakaa."

"Viti vizuri ni vya wageni. Mtu hamwambii mwenzake shida yake kwa sababu kuna kochi. Anamwambia kwa sababu mikono yake ina kazi na ya mwenzake ina kazi, na hakuna aliyeitwa kuja kusema."

"Na hapa mnapaitaje?"

"Hapaitwi. Ukipaita ukumbi, watapatia kufuli."

Ndipo akatoa futi. Upana uwe kiasi gani? Alijibiwa: watu kumi na wawili na ndoo zao wapishane bila kuombana radhi. Akapima, akaandika. Mlango? Hakuna mlango. Pakae wapi? Mbele ya ngazi, hapahapa, apandaye apite katikati ya wafuao apende asipende, na mwenye mgeni apite naye waonwe. Wasichana walipiga vigelegele kwa hilo la mwisho. Kijana alichora palepale, karatasi juu ya meza ya pasi, masinki sita, matatu yanatazama matatu, na Bi Brashi akaishika karatasi pembe mbili isipeperuke.

Nami ningependa kuandika kwamba Jumatatu walitia muhuri ramani ile mpya na mambo yakaisha. Hawakutia. Mchora ramani alisimama mbele yao, hilo namsifu, akasema hataweka sahihi yake kwenye ile ya vitanda. Wakabishana wiki mbili. Kila aliposema mahali pa wazi, wao walisema nafasi nne, nafasi nne, kila ghorofa, kama watu wanaosoma dua. Mwishoni wakakubali ghorofa mbili kati ya nne. Ya kwanza na ya pili zipate masinki. Ya tatu na ya nne zipate vyumba. Wakaandika kwamba ni ya majaribio.

Majaribio! Kitu kilichojaribiwa miaka arobaini, wasichana maelfu, wakapona nacho, leo ni majaribio. Ukuta wa upana wa tofali moja uliomficha mtoto siku nne haukuwahi kuitwa majaribio. Ule uliitwa maendeleo. Na wale wa ghorofa ya tatu na ya nne, ambao pia wana mama zao, wao wamekosa nini? Nimeuliza swali hili watu watatu wenye vyeo, kwa mdomo wangu, na wote watatu wameniuliza kama nimeshakunywa chai.

Jengo lilipofunguliwa Bi Brashi alikuwa amefikisha umri, wakampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Mkwe wake aliomba kuhamishwa kutoka zahanati, akapewa bweni jipya. Wiki ya kwanza alirudi kila siku na habari, na mama akawa anazila habari zile kuliko chakula. Wasichana wa ghorofa ya kwanza wamegombania sinki. Vizuri! Wa ghorofa ya pili wamebandika zamu. Si vizuri sana, lakini itadondoka yenyewe. Mmoja wa ghorofa ya nne anashuka na ndoo yake kufua ya pili, ingawa ana sinki chumbani. Hapo Bi Brashi alipiga paja kwa nguvu hata mwanawe akaacha baiskeli aliyokuwa anaitengeneza.

Wiki ya pili, Alhamisi, mkwe alirudi, akabwaga mkoba mezani. Akavua viatu, akakaa.

"Kuna nini?"

"Mama, wameleta magodoro."

"Wapi?"

"Ghorofa ya pili. Pale mbele ya ngazi. Kumi na mawili. Msimamizi kasema stoo imejaa, yakae hapo kwa muda tu. Yameziba masinki matatu ya upande mmoja."

"Wasichana wamesema nini?"

"Wanafulia upande wa pili. Wanatazama magodoro."

Bi Brashi aliinuka. Alitaka kwenda mwenyewe. Alifika hata mlangoni, ametia mguu mmoja kiatu, ndipo mkwe akamkumbusha kwamba kadi ya kazi walishaichukua, na mlinzi mpya wa getini hamjui. Alisimama pale na kiatu kimoja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, nimekuja kurudisha ungo, na sijapata kumwona akiwa na hasira vile, wala ametulia vile.

"Kwa muda," akasema. "Ndivyo yanavyoingia. Mwezi ujao yatatiwa kitambaa mbele yasionekane. Mwaka ujao kitambaa kitakuwa mbao, na mbao itakuwa na kufuli." Akamgeukia mkwe wake. "Sikiliza, mwanangu. Unaingia saa ngapi kesho?"

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Ingia saa kumi na mbili. Yasukume magodoro yote yaegemee ukuta wa ofisi ya bweni iliyo mwisho wa ukumbi, mlangoni kabisa, msimamizi akija apate tabu ya kufungua. Halafu mwaga maji pale mbele ya ngazi. Si ya kupangusa. Mwaga ndoo, usugue, umwage tena."

"Wakiyarudisha?"

"Watayarudishaje kwenye maji? Godoro likilowa, atakayeulizwa ni aliyelileta. Keshokutwa umwage tena. Kila siku ya kazi, kabla hawajaamka wenye tai. Sakafu ile isikauke asubuhi hata moja."

"Mama, watanifukuza."

"Kwa kosa gani? Wataandika nini? Mhudumu alisugua?"

Mkwe alicheka bila kupenda, kisha akaacha kucheka, maana aliona kwamba anaambiwa kazi ya miaka.

"Na ghorofa ya kwanza?"

"Ya kwanza pia. Na ukiona mmoja wao amekuja na karatasi anataka maoni yako," Bi Brashi akasema, "usimpe neno hata moja. Mpe tambara, mwambie afue kwanza."